Kulitafuta Neno la Kiingereza kwa Herufi Zake

Iyunga iko upande wa kusini-magharibi wa mji wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Hapo pana shule ya sekondari ya ufundi, pana viwanda, na jirani inapita reli iunganishayo Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukabidhiwa kwa serikali za nchi hizo mbili mwaka 1976. Jina la reli hiyo, TAZARA, hutamkwa na kila mtu kana kwamba ni neno la Kibantu lenye silabi tatu zilizo wazi. Kumbe ndani yake mmefichwa Tanzania, Zambia na neno moja la Kiingereza, kila moja likiwakilishwa na herufi zake mbili za mwanzo tu. Asiyejua Kiingereza akiulizwa hiyo RA ni nini, yumkini atajibu kwamba ni reli, na jibu lake halitakuwa mbali na ukweli.

Tunaanza na jina hilo kwa kuwa linadhihirisha kazi ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa ofisini huifanya kila siku bila kuipa jina: kupewa herufi chache, na kutakiwa kulitaja neno la Kiingereza lililozibeba. Kazi hiyo huonekana ndogo. Lakini maadam istilahi zetu nyingi za ufundi, fedha na utawala zimepitia Kiingereza, asiyeweza kuifanya hawezi kuhakikisha kwamba neno analolitumia lina maana anayoidhania. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanywa zamani na watu wa lugha nyingine, na kwa nini njia zao haziwezi kuchukuliwa nzima nzima na kutumiwa kwetu.

Shida yenyewe inatokana na kamusi za Kiingereza. Robert Cawdrey alipochapisha mwaka 1604 kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, chenye maneno yapatayo 2,500, aliona inafaa kumfundisha msomaji kwamba neno lianzalo kwa a lipo mwanzoni mwa kitabu na lianzalo kwa v lipo kuelekea mwisho. Mpango huo wa abjadi haukuwa umezoeleka. Kufikia kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, yenye maneno zaidi ya 40,000, hakuna aliyehitaji tena maelezo hayo, ingawa hata Johnson bado alichanganya i na j, na u na v, katika safu moja. Tangu hapo mlango wa kamusi ya Kiingereza umekuwa mmoja tu, nao ni herufi ya kwanza.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa ufundi wa Iyunga, au mwenzake wa Ifunda mkoani Iringa. Tangu mwaka 1967 shule za msingi zimefundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi huyo anaingia karakana akiwa na masikio ya Kiswahili. Anasikia neno lisikikalo kama 'nyumatiki'. Anafungua kamusi penye n, hapati kitu, kwa sababu Waingereza huliandika 'pneumatic'. Anasikia 'renchi', anatafuta penye r, nalo limeandikwa 'wrench' chini ya w. Herufi ambayo kamusi inamtaka aijue kwanza ndiyo herufi ambayo Mwingereza mwenyewe ameacha kuitamka. Mwanafunzi akishindwa hapo, aghalabu husemwa kwamba Kiingereza chake ni kibovu, ilhali masikio yake yamefanya kazi sawasawa, na kilichokosekana ni mlango wa pili wa kuingilia kamusini.

Mlango wa namna hiyo ulikwisha kufunguliwa zamani sana, na aliyeufungua alikuwa mtu wa Omani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi aliishi katika karne ya nane, akafanya kazi zake Basra, na ndiye aliyeasisi kamusi kubwa ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, ambayo ilikamilishwa na mwanafunzi wake. Hakufuata abjadi ya kawaida. Alizipanga herufi kwa kufuata mahali zitokapo kinywani, akianza na zile za kooni, na ndiyo maana kitabu kinaitwa kwa herufi ya ayn. La ajabu zaidi ni hili: alizichukua herufi za mzizi kama fungu moja, akazipindua kwa kila namna iwezekanayo, na kuyaeleza mahali pamoja maneno yote yaliyozaliwa na fungu hilo. Herufi mbili hupinduliwa kwa namna 2, tatu kwa namna 6, nne kwa namna 24, na tano kwa namna 120. Kila mpinduo aliutaja kuwa unatumika au umeachwa. Mwenye herufi tatu mkononi hakuhitaji kujua ipi ni ya kwanza.

Waliomfuata walijaribu milango mingine. Al-Jawhari, katika karne ya kumi, aliipanga kamusi yake kwa herufi ya mwisho ya mzizi, na Ibn Manzur alifuata njia hiyo hiyo katika Lisan al-Arab iliyokamilika mwaka 1290. Wapo wasemao kwamba mpango huo ulikusudiwa kuwasaidia washairi wapate vina. Iwe hivyo au isiwe, Mwingereza John Walker alifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1775, alipochapisha kamusi ya vina iliyoyapanga maneno ya Kiingereza kwa kuanzia mwisho wake.

Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni mkubwa katika fikra ya al-Khalil. Tunazo kitabu, katibu, mkataba na maktaba, na hata asiyejua Kiarabu huhisi kwamba zinashirikiana k, t na b kama ndugu washirikianavyo sura. Waandishi wetu wa pwani waliotumia hati za Kiarabu walizoea pia kusoma neno kwa mifupa yake, kwani irabu huweza kuachwa na msomaji akazijaza mwenyewe. Isitoshe, kamusi zetu za Kiswahili zinadai ujuzi huo huo: anayetaka maana ya 'walisomeshana' hatakwenda penye w, bali atavua viambishi mbele na nyuma mpaka abaki na 'soma'. Kutafuta neno ndani ya neno ni desturi yetu, ingawa hatujapata kuitumia kwa makusudi tunapoliendea neno la Kiingereza.

Tuujaribu mpinduo wa al-Khalil kwa neno la Iyunga yenyewe. Neno 'reli' limetokana na 'rail', lenye herufi nne: a, i, l na r. Katika mipinduo 24 ya herufi hizo, Kiingereza kinatumia angalau sita. Ipo 'rail' yenyewe, ipo 'liar' yaani mwongo, ipo 'lair' yaani pango la mnyama, ipo 'lira' iliyokuwa fedha ya Italia hadi ilipoondolewa katika mzunguko mwaka 2002, ipo 'rial' ambayo ni fedha ya Omani, na ipo 'aril', utando unaofunika mbegu kama ule wa kungumanga. Hapana shaka kwamba zoezi hili linapendeza darasani. Kwa mfasiri, hata hivyo, linatoa fundisho la kutahadhari, kwa kuwa katika Kiarabu maneno ya mzizi mmoja huwa na uhusiano wa maana, ilhali maneno sita tuliyoyataja yamekutana katika herufi tu, kama abiria wa behewa moja wasiojuana. Fungu la herufi bila mfuatano wake halitoshi kutuongoza katika Kiingereza.

Waingereza na Wamarekani wenyewe wameligeuza jambo hili kuwa mchezo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa fumbo la kwanza la maneno ya kupandana katika gazeti la New York tarehe 21 Desemba 1913, na katika miaka ya 1930 Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alihesabu herufi katika magazeti ili abuni mchezo ambao tangu mwaka 1948 umeitwa Scrabble. Katika vigae 100 vya mchezo huo, e imepewa 12, na z kimoja tu chenye alama 10. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Katika Kiswahili z si herufi adimu hata kidogo, na k, yenye kigae kimoja katika mchezo huo, tunaikuta kila upande. Anayezoea kukisia kwa hesabu ya Butts atakisia vibaya akirudi kwetu.

Tuingie sasa katika kiini cha shauri letu. Neno la Kiingereza linapoingia katika Kiswahili hubadilika kwa taratibu maalumu, na anayezijua taratibu hizo anaweza kuzirudisha nyuma. Tahajia tuliyo nayo iliwekwa sawa baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na baada ya Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, kuanza kazi mwaka 1930. Katika tahajia hiyo q na x hazimo, na c haisimami bila h. Kwa hiyo kila neno la Kiingereza lenye herufi hizo limevaa nguo nyingine: c imekuwa k katika 'kamati' na s katika 'sinema', qu imekuwa kw katika 'kwota', x imekuwa ks katika 'boksi' na 'teksi'. Mtafutaji aonaye k katika Kiswahili hana budi kuwaza herufi tatu za Kiingereza, na aonaye s awaze mbili.

Kisha kuna irabu. Kiswahili hakipendi neno liishe kwa konsonanti, basi i huongezwa mwishoni, kama katika 'nati', 'bolti' na 'breki'. Baada ya konsonanti ya mdomoni huongezwa u, kama katika 'kilabu', ambalo pia limeingiziwa i baina ya k na l. Irabu hizo ni zetu, si za Kiingereza, na kazi ya kwanza ni kuzivua. Irabu zilizobaki nazo zidhaniwe tu, kwa sababu a yetu moja imebeba sauti nyingi za kigeni. Hata hivyo a ya mwisho ina siri yake: mara nyingi huficha 'er' au 'or', kama tunavyoona katika spana, rula, afisa, meneja na kabureta. Anayeijua siri hiyo akikutana na neno geni la karakana liishialo kwa a, tayari amekwisha pata herufi mbili za mwisho. Na r iliyo kabla ya konsonanti huelekea kutoweka, kwani Waingereza waliotuletea neno hawakuitamka: shati ni 'shirt', sketi ni 'skirt'. Maneno hayo mawili, tukitaja kwa kupita, yana asili moja ya mbali katika lugha za kaskazini ya Ulaya, nayo yamefika kwetu kila moja na njia yake.

Hapo ndipo mifupa ya neno hubaki, yaani konsonanti kwa mfuatano wake. Tuchukue 'risiti'. Tukiondoa irabu tunapata r, s, t, na kwa kuwa s yaweza kuwa c, tunapata maneno mengi: 'rest', 'rust', 'roast', 'wrist', 'recite', na 'receipt'. La mwisho ndilo lenyewe, na lina p isiyosikika, ambayo iliingizwa na wasomi waliotaka neno hilo likumbushe asili yake ya Kilatini. Kwa abjadi tungelipata mapema, maadam herufi ya kwanza imebaki. Lakini kwa tahajia kamili tusingelipata kamwe. Tukio la kutolewa fedha ndilo lililochagua baina ya maneno sita. Mifupa inaleta mashahidi, na muktadha ndio hakimu.

Mifupa yaweza pia kutoa ushahidi wa uwongo. 'Skrubu' inatupa s, k, r, b, na Kiingereza kinalo neno 'scrub' linaloafikiana kwa kila herufi, lenye maana ya kusugua kwa nguvu, tena la vichaka. Maana ya skrubu ni ile ya 'screw', ambamo hamna b. 'Bomba' inaelekea 'bomb' bila kizuizi, lakini bomba letu ni la Wareno, nalo hata kwao humaanisha chombo cha kuvutia maji. Kilichotoka kwa Waingereza ni bomu. Mtu atakayeifasiri taarifa ya idara ya maji kwa kufuata herufi peke yake anaweza kuwatia watu hofu bure. 'Shule' haina jamaa wa Kiingereza wa kuaminika: 'shell' na 'shall' hazihusiani nayo, na 'school' haianzi kwa sauti ya sh. Ni neno la Kijerumani, lililobaki tangu utawala ulioishia katika Vita Kuu ya Kwanza, kama ilivyobaki 'hela', ambayo ilikuwa sehemu moja ya mia ya rupia ya wakoloni hao kuanzia mwaka 1904. Lipo kundi jingine lililopotoshwa na sarufi yetu yenyewe. 'Madigadi' ya gari ni 'mudguard', lakini sikio la Kiswahili liliisikia ma- ya wingi, na mafundi wengine husema digadi kwa umoja. 'Kiplefti' nayo iliingia katika ngeli ya ki-vi ikazaa vipilefti, kwa njia ile ile kitabu kilivyozaa vitabu. Mtafutaji akivua kiambishi katika maneno hayo, atakuwa amekata mkono wa neno akidhani ni shati.

Wamarekani wamewahi kutunga mtambo wa mifupa ulio karibu na huu wetu. Robert Russell alipata hataza mwaka 1918 ya mpango uitwao Soundex, uliokusudiwa kuyakusanya majina ya watu yanayosikika sawa hata kama yameandikwa tofauti, nao ulikuja kutumiwa kupanga faharasa za sensa za Marekani. Katika muundo wake ulioenea, irabu huachwa, na konsonanti hupewa namba kwa makundi: b, f, p na v ni 1, c, g, j, k, q, s, x na z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Mpango huo ni mzuri, na wapo watakaoshauri tuuchukue kwa ajili ya kazi za istilahi. Sisi tunaona hapana.

Sababu ya kwanza ni kwamba Soundex huiacha herufi ya kwanza kama ilivyo, na tumekwisha ona kwamba katika Kiingereza herufi ya kwanza ndiyo isiyoaminika: 'wrench' itahifadhiwa kwa w na mwanafunzi wetu ataendelea kubisha hodi penye r. Sababu ya pili inahusu nyanda hizi za juu kusini. Soundex inaitenga l na r katika namba mbili. Katika lugha ya Kinyakyusa r haimo, na mlima ambao ramani zinauita Rungwe wenyeji huuita Lungwe. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo anaweza kuandika 'lula' akikusudia rula, na mtambo wa Kimarekani utampeleka mbali. Ufunguo utakaomfaa hauna budi kuziweka l na r katika chumba kimoja, kuziacha w, k na p za mwanzo zipite bila kuhesabiwa zinapofuatwa na r au n, na kuichukulia a ya mwisho kuwa yaweza kuficha r. Tutapata maneno mengi zaidi ya tunayoyataka, kwa mfano 'rail', 'rule', 'roll', 'lorry' na 'lily' yatakaa pamoja, lakini kuchagua ndani ya kumi ni kazi ya mtu, na kuyapata hayo kumi ndiyo kazi iliyoshindikana.

Mitambo ya kufanya hivyo ipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta zimeweza kupewa umbo la neno lenye mapengo na kuleta kila neno linaloafikiana nalo, na leo simu ya mkononi yaifanya kazi hiyo mara moja. Kinachobaki kwetu ni kuandika taratibu za sauti zetu, kisha kuzibadili orodha zetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo istilahi nyingi zimesanifiwa. Lakini orodha za istilahi aghalabu hupangwa kwa kuanzia Kiingereza, Kiswahili kikifuata upande wa kulia. Mtumishi wa wilayani aliye na neno la Kiswahili mkononi, akitaka kuhakikisha asili yake, hupekua ukurasa baada ya ukurasa. Faharasa ya mifupa mwishoni mwa kila orodha isingezidi kurasa chache.

Kwa wale watakaoijaribu, tunashauri waanze na neno 'meli'. Mifupa yake ni m na l, na Kiingereza kinatoa 'mile', 'mill', 'meal', 'mule', 'male', 'mole' na 'mail'. Hakuna hata moja lenye maana ya chombo cha baharini. 'Mile' tunalo tayari, nalo ni maili. Jibu halimo katika herufi, limo katika habari za bandari: kuanzia mwaka 1872 kampuni ya Kiingereza ya British India ilileta barua Zanzibar kwa mkataba, meli zake zikitoka Aden kila mwezi. Chombo kiliitwa kwa jina la mzigo wake, yaani barua, 'mail'. Zile zilizofuata baadaye, ziwe zimebeba barua au karafuu, zikarithi jina hilo.